Mbio Ndefu Zinaanzia Jikoni

(Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari, Ushongo, wilaya ya Pangani. Mzungumzaji ni mwalimu wa michezo na mkimbiaji wa mbio ndefu, mzaliwa wa pwani hii. Tumeyaacha karibu kama alivyoyasema.)

Kaeni, kaeni, msisimame kama mko paredi. Ninyi wa nyuma sogeeni kivulini, jua hili la saa nne halina urafiki na mtu.

Nimeletewa karatasi ya maswali yenu. Swali la kwanza kaliandika mtu asiyetaka kujulikana: "Je, mtu anaweza kukimbia kutoka hapa Ushongo mpaka Mkwaja na kurudi siku hiyohiyo?" Chini yake mwingine kaongeza kwa kalamu nyekundu: "Bila kufa?" (Kicheko.)

Haya, tuanze na hilo. Anaweza. Kwenda ni kama kilomita 30, kwa hiyo kwenda na kurudi ni kama 60. Marathoni ni kilomita 42 na mita 195. Mbio zozote zinazozidi hapo huitwa altramarathoni, na watu wanazikimbia kila mwaka. Kule Afrika Kusini ziko mbio za Comrades, kati ya Durban na Pietermaritzburg, karibu kilomita 90, zilizoanza mwaka 1921. Hapa kwetu yuko Simon Mtuy, Mtanzania wa kule Kilimanjaro, ambaye mwaka 2006 alipanda mlima ule mpaka kileleni na kushuka kwa muda usiofika saa 9 na nusu, akijibebea mwenyewe chakula na maji. Watalii hutumia siku tano, sita. Kwa hiyo si wazimu.

Lakini ile kalamu nyekundu nayo inataka jibu. Nimeyahesabu maswali yenu, yako 19. Kumi na moja yanauliza raba. Raba gani, bei gani, eti za mtumba zinafaa? Zinafaa, kama kisigino hakijaliwa upande mmoja na vidole vina nafasi. Tumemaliza habari ya raba. Matatu yanauliza vidonge vya kuongeza nguvu, nitayarudia. Lakini hakuna hata swali moja linalouliza nile nini. Hata moja, jamani! Ndiyo maana nimeamua niwaeleze jambo langu mwenyewe ambalo kwa kawaida silisemi mbele ya watu.

NILIPOKIMBIA KWA NJAA

Nilikuwa kidato cha tatu, shule ya bweni, mwaka 2004. Shule siitaji. Nilikuwa na mbio kweli, na mwalimu aliyekuwa akitufundisha aliniambia, "Punguza mwili kidogo tu, mkimbiaji mwepesi ndiye mshindi." Sidhani alikuwa na nia mbaya. Alisema kama watu wanavyosema. Mimi nikalichukua neno lile nikaliweka moyoni.

Nikaanza kumpa rafiki yangu ugali wangu wa jioni. Asubuhi nakunywa chai ya rangi, mchana nakula nusu sahani. Na hapo nakimbia alfajiri na jioni. Wiki za mwanzo nilikuwa naruka kama swala. Nikasema kumbe siri ndiyo hii!

Mwezi wa pili sikuona siku zangu. Nitawaambia ukweli, wasichana mtanielewa: nilifurahi. Pedi zilikuwa ghali, vitambaa vinachubua ukikimbia. Mwezi wa tatu, hamna. Wa nne, hamna. Kumbe matroni anahesabu.

Nikaitwa ofisini. Mnajua siku zile msichana akipata mimba anafukuzwa, basi, shule imekwisha. (Mambo yalibadilika Novemba 2021, Serikali iliporuhusu aliyepata mimba kurudi shule baada ya kujifungua. Wengi wa rika langu walikuwa wameshapotea.) Nikapelekwa kupimwa mkojo. Sina mimba. Baada ya wiki mbili nikapelekwa tena, kwamba labda kipimo kilikosea. Sina. Wakati huo bwenini wameshampata na baba wa mtoto, mvulana wa watu ambaye hata salamu hatukuwahi kupeana. Naye akaacha kuja maktaba kwa aibu.

Habari zikafika huku nyumbani. Bibi yangu akapanda gari akaja, mwanamke ambaye hajawahi kutoka Pangani kwa ajili ya jambo la shule. Nikampa shikamoo, hakuitikia mara moja. Akanishika mkono hapa juu, akauzungusha kwa vidole viwili. Akasema, "Mjukuu wangu, mwenye mimba hunenepa. Wewe unaisha."

Yeye ndiye aliyeona. Vipimo viwili vilisema sina mimba, na hakuna aliyeuliza swali linalofuata: kama si mimba, ni nini?

Jibu lilikuja mguuni. Muundi wa kulia ulianza kuuma, mahali padogo panapofunikwa na ncha ya kidole. Nikaambiwa nivumilie, mashindano yamekaribia. Nikavumilia. Siku ya mashindano sikumaliza, nilibebwa. Picha ikaonyesha ufa kwenye mfupa. Sikuanguka, sikupigwa na mtu. Mfupa ulichoka wenyewe.

Hospitali alikuwako muuguzi wa makamo. Aliniuliza, "Jana ulikula nini, mwanangu?" Nikamtajia. Akauliza, "Na unakimbia kiasi gani?" Nikamtajia. Akanyamaza kidogo, halafu akasema mwili ni kama nyumba yenye kipato kidogo. Ukiupa posho ndogo na kazi kubwa, unaanza kufunga matumizi. Unafunga kwanza yale ambayo ukiyaacha leo hufi leo: hedhi, kujenga mifupa, kinga ya maradhi. Miguu inaendelea kukimbia, kwa hiyo wewe unajiona mzima.

Nilikaa miezi mitano bila kukimbia. Hedhi ilirudi mwezi wa sita, na bibi alipopata habari alichinja kuku. Sijui kama yuko msichana mwingine wa Pangani aliyechinjiwa kuku kwa sababu hiyo. (Kicheko.)

Sasa wasichana, sikilizeni vizuri. Hedhi ikikosekana, usikimbilie kusema "ni mazoezi". Kama umejamiiana, pima mimba kwanza, usijidanganye. Lakini kama huna mimba na imepita miezi mitatu, nenda kituo cha afya, useme wazi kwamba unakimbia na unakula kiasi gani. Miaka hii ya ujana ndiyo ya kujenga mifupa. Ukiipoteza kwa njaa, huipati yote tena ukiwa na miaka 30.

Na wavulana msinicheke. Madaktari wa michezo walianza kuliona jambo hili kwa wasichana, lakini mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilieleza kwamba linawapata wanaume vilevile. Ninyi hamna hedhi ya kuwapa taarifa, kwa hiyo mnachelewa kugundua. Angalia haya: unachoka siku zote, mafua hayaishi, una hasira za bure, mbio zinapungua ingawa mazoezi yameongezeka. Na yale mambo ya asubuhi ya mvulana, nayo yanapotea. Mmenielewa.

POSHO YA MSAFARA

Babu zetu walilijua hili. Mji wa Pangani, hapo ng'ambo ya mto, ulikuwa mlango wa misafara ya kwenda bara, Usambara mpaka Kilimanjaro na mbele. Mpagazi alibeba mzigo wa kilo 30 hivi, na alikwenda siku baada ya siku kwa wiki nyingi. Hiyo ndiyo altramarathoni, tena bila medali. Waliondoka alfajiri, wakapiga kambi kabla jua halijakuwa kali. Na kila mmoja alikuwa na posho yake, kwa kawaida kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, karibu robo tatu ya kilo. Posho ikikatika, mpagazi anaweka mzigo chini. Hakuna kiongozi wa msafara aliyewaambia wapagazi wapunguze kula ili wawe wepesi.

Basi posho yenu ni hii, na yote iko hapa kijijini. Kabla ya mbio ndefu kula chakula cha wanga saa mbili au tatu mapema: uji mzito, muhogo wa kuchemsha, viazi vitamu, wali uliobaki jana. Mkikimbia zaidi ya saa moja, kuleni njiani. Ndizi mbivu mbili kila saa, au maandazi, au tende. Jifunzeni kula huku mnakwenda, maana tumbo nalo linafanya mazoezi. Tumbo lisilozoea litakutapisha kilomita ya 30. Ukirudi, usikae na njaa. Wali na samaki, maharage, dagaa. Dagaa mle na mifupa yake, ndiyo yenye kalsiamu. Kisamvu, tembele, mchicha wa mara kwa mara kwa ajili ya damu, na limau au chungwa pembeni linasaidia mwili kupokea madini ya chuma. Mwezi wa Ramadhani, aliyefunga afanye mazoezi mafupi karibu na futari. Mbio ndefu zisubiri.

Najua nyumba nyingine chakula ni mara moja kwa siku. Sitawaambia muombe mnachojua hakipo. Kama ndivyo ilivyo kwenu, kimbia kidogo kulingana na chungu cha nyumbani. Hiyo si aibu, na ni bora kuliko ule ufa wangu.

MIAKA, SI WIKI

Mmeuliza maandalizi yanachukua wiki ngapi. Ninyi mna miaka 15, 16, 17. Mbio nyingi ndefu haziandikishi mtu wa chini ya miaka 18, na Comrades wanataka uwe umetimiza 20. Kwa hiyo Mkwaja na kurudi si ya muhula huu wala wa mwakani. Najua mmenuna.

Mtazameni Alphonce Simbu. Mwaka 2017 alipata medali ya shaba ya marathoni kule London, mashindano ya dunia. Ilimchukua miaka minane, mpaka Septemba 2025 kule Tokyo, kupata dhahabu, Mtanzania wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa riadha. Alikimbia saa 2, dakika 9 na sekunde 48, akamshinda Mjerumani kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Kupepesa jicho ni kirefu kuliko hapo!

Mnachoweza sasa ni msingi. Siku tatu au nne kwa wiki, mwendo ambao mnaweza kuongea. Ukishindwa kusimulia hadithi huku unakimbia, punguza. Ongeza kidogo kidogo, tuseme sehemu moja ya kumi kwa wiki, na kila wiki ya nne punguza, mwili upumue. Changanya kukimbia na kutembea. Wakimbiaji wa masafa haya hutembea kwenye vilima, na hakuna anayewazomea. Siku moja ya wiki usifanye kitu. Na lala. Anayekesha na simu mpaka saa saba za usiku asiniulize kwa nini miguu mizito.

Wasichana, msikimbie peke yenu alfajiri. Kuweni wawili watatu, na mtu nyumbani ajue mmeelekea wapi. Hijabu na suruali pana havizuii mbio. Mimi hukimbia navyo, kitambaa chepesi cha pamba tu.

BAHARI NAYO INA RATIBA

Mtu wa bara akija hapa anaona ufukwe tambarare, anasema njia si ndiyo hii! Ninyi mnajua zaidi. Siku za bamvua maji yetu hujaa sana kama saa kumi za alfajiri, yakakupwa kama saa nne asubuhi, yakarudi kujaa saa kumi jioni. Piga hesabu ya safari ya Mkwaja. Ukiondoka saa kumi na mbili asubuhi maji yanatoka, mchanga unazidi kuwa mgumu chini ya mguu, raha tupu. Lakini kilomita 60 kwa mtu wa kawaida ni saa nane, tisa, kumi. Maana yake unarudi bahari ikiwa imemeza ufukwe, umechoka, uko kwenye mchanga laini unaokula nguvu, na midomo ya mito imejaa. Pale Kipumbwi mto Msangazi unapoingia baharini, asubuhi na jioni si mahali pamoja. Kuvuka bila kuwauliza wavuvi ni ujinga, hata kama unajua kuogelea, maana miguu iliyochoka hukakamaa majini.

Kwa hiyo kabla ya kuangalia saa, angalia mwezi. Kila siku maji huchelewa kama dakika 50. Muulize mvuvi yeyote mwenye ngalawa, atakuambia bila karatasi.

Jambo dogo: ufukwe umeinama kuelekea majini. Ukienda masafa marefu upande mmoja tu, mguu mmoja unakuwa kama mfupi, goti na nyonga vinalalamika. Geuza. Au tumia njia za juu za minazini.

MAJI, VIDONGE NA HOMA

Hapa nitakwenda haraka. Wengi mmefundishwa kunywa maji mengi iwezekanavyo. Si kweli kabisa. Kunywa kwa kiu. Mwaka 2005 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa wakimbiaji 488 wa marathoni ya Boston ya 2002: asilimia 13 walimaliza damu yao ikiwa na upungufu wa chumvi, na sababu kubwa ilikuwa kunywa kupita kiasi. Hali hiyo huvimbisha ubongo, na inaua. Ukiona mwenzako anavimba vidole, kichwa kinamuuma, anachanganyikiwa, na amekuwa akinywa tu, usimwongezee maji. Mpeleke hospitali.

Maji ya kubeba ni yaleyale ya mtoto anayeharisha: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Dafu ni zuri, lakini chumvi yake ni ndogo, kwa hiyo tafuna na kitu cha chumvi. Jua likimpiga mtu, ngozi imewaka moto, anaongea ovyo, mmwagieni maji mwili mzima au mmlaze kwenye maji ya kina kifupi mkimshika kichwa. Mpozeni kwanza, gari litafutwe wakati mnampoza.

Vidonge vya nguvu: hakuna. Na zile diklofenaki na brufeni ambazo wengine humeza kabla ya kuanza ili wasisikie maumivu, zinaweza kuumiza figo mwili ukiwa umekaukiwa. Maumivu ni taarifa. Mimi niliinyamazisha taarifa yangu, mmesikia nilikofikia.

Homa, hukimbii. Unapima malaria. Kumeza Panadol ukajiona mzima ukaingia njiani ni kujidanganya. Mwanzoni mwa 1857 Wazungu wawili, Burton na Speke, walitoka Pangani kwenda Fuga kule Usambara, wakarudi hapa wakiwa hoi kwa homa. Homa ya pwani haimwogopi mtu. Na kama nyumbani kwenu kuna mgonjwa wa seli mundu, pima na wewe kabla ya mbio ndefu, kisha uongee na daktari.

SWALI LA MZEE AKHWARI

Swali la mwisho kwenye karatasi: "Mwalimu, mbona John Stephen Akhwari aliumia akaendelea? Si ndiyo uzalendo?"

Swali zuri, na nimeliwaza miaka mingi. Mexico, Oktoba 1968, mji ulio juu ya mita 2,200. Walianza watu 75. Akhwari alianguka, goti likaumia vibaya, bega pia. Walimaliza 57, naye alikuwa wa mwisho, saa 3 na dakika 25, uwanja umeshaanza kubaki mtupu. Namheshimu, na ninyi mumheshimu. Lakini nimewahi kusikia hadithi yake ikitumiwa kumlazimisha mtoto anayechechemea. Mimi mwenyewe niliambiwa, "Akhwari hakuacha." Akhwari alikuwa mtu mzima wa miaka 30. Aliumia kwa kuanguka, akaamua mwenyewe, siku moja. Halafu alipona, na mwaka 1970 akawa wa tano kwenye marathoni ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh. Hiyo ya Edinburgh haisimuliwi.

Mwanafunzi mwenye maumivu ya mfupa wiki ya tatu hana deni na mtu yeyote. Akisimama, wenzake wamsindikize nyumbani, mwalimu asimkasirikie.

Haya, jua limepanda. Jumamosi wanaotaka kuanza tukutane hapahapa saa kumi na mbili asubuhi. Hatutakimbia mbali, tutakwenda mpaka Ushongo Mtoni na kurudi, nusu tukitembea. Kila mtu aje na ndizi zake mbili. Na nitauliza mlangoni mmekula nini jana usiku, kwa hiyo asiyekula ajiandae kukaa na mimi kwanza, kuna uji.